Maswali ya Wasomaji: Fyuzi ipi kwa transfoma ipi?

Barua za safari hii zinahusu fyuzi za transfoma, kuanzia ile ya kVA 100 iliyo juu ya nguzo hadi ile ndogo iliyo ndani ya chaja ya betri. Tahadhari kwanza: kila kilicho upande wa kilovolti 11 au 33 ni kazi ya shirika la umeme au mkandarasi mwenye leseni, ambayo Tanzania hutolewa na EWURA na Kenya na EPRA, mamlaka za udhibiti wa nishati. Hesabu piga mwenyewe, lakini fimbo ya kutolea fyuzi usiiguse.

Mashine zangu za kukoboa na kusaga zinatumia transfoma yetu wenyewe ya kVA 100, kilovolti 11 kwa volti 400. Fyuzi za juu ziliungua. Mkandarasi mmoja anataka kuweka za ampea 6, mwingine za 10, wa tatu anasema 15 "ili zisisumbue tena". Nani yuko sahihi? Na kwa nini wakati wa mavuno transfoma ilichemka hadi ikavuja mafuta, na hakuna fyuzi ya juu iliyokatika?
*Mwenye mashine, Morogoro*

Ndugu yetu, anza na kibati cha maelezo kilichopigiliwa kwenye mwili wa transfoma. Usianze na fyuzi iliyoungua. Aliyeiweka huenda alikosea, au alikuwa na hiyo tu kwenye gari.

Kwa umeme wa njia tatu, chukua kVA, zidisha kwa 1,000, kisha gawanya kwa 1.732 mara volti. Upande wa juu: 100,000 ÷ (1.732 × 11,000) = ampea 5.25. Upande wa chini: 100,000 ÷ (1.732 × 400) = ampea 144. Hiyo ndiyo mikondo ya mzigo kamili, na kila uamuzi unatoka hapo.

Mtu angeona 5.25 akasema basi ya 6 inatosha. Tatizo ni sekunde ya kwanza. Transfoma inapowashwa, chuma chake hushiba usumaku kwa muda mfupi na koili huvuta mkondo mkubwa hata kama hakuna mzigo wowote. Mafundi hukadiria mara 12 ya mzigo kamili kwa sehemu ya kumi ya sekunde, na mara 25 kwa sehemu ya mia. Kwako mara 12 ni ampea 63. Waya wa fyuzi wa aina ya K, ambao ndio umezoeleka kwenye dropauti (bomba la fyuzi la juu ya nguzo, ambalo huanguka fyuzi ikikatika), ukiwa wa ampea 6 huanza kuyeyuka kwenye ampea 72 kwa muda huohuo wa sehemu ya kumi. Unapita, lakini nafasi ni finyu mno. Waya uliochakaa kidogo, au uliokwisha kupashwa moto na mzigo wa mchana, utakatika umeme ukirudi baada ya mgao, na mtatafuta shoti isiyokuwepo. Wa ampea 10 huanza kuyeyuka kwenye 128. Hapo kuna nafasi ya kutosha.

Na 15? Huo huanza kwenye ampea 215. Transfoma ya ukubwa huu mara nyingi ina impidansi (kipimo cha jinsi koili zinavyozuia mkondo) ya asilimia 4, imeandikwa kwenye kibati hichohicho. Maana yake, shoti ya fezi zote tatu kwenye vituo vyake vya volti 400 huvuta mara 25 ya mzigo kamili, yaani ampea 131 upande wa juu. Wa 10 hukatika karibu na sehemu ya kumi ya sekunde. Wa 15 unachelewa, na muda wote huo koili zako zinavutwa na kusukumwa kwa nguvu kubwa. Aliyesema 10 ndiye yuko sahihi, ilimradi shirika linalokuuzia umeme halina jedwali lake linalotaka vingine. Jedwali la shirika hutangulia hesabu yetu, kwa sababu linazingatia pia fyuzi na breka zilizo nyuma yako kwenye laini.

Swali lako la pili ndilo zito. Waya wa K wa ampea 10 hubeba ampea 15 siku nzima bila kulalamika. Ili uyeyuke ndani ya dakika tano unahitaji takriban ampea 19.5 hadi 23.4, yaani karibu mara nne ya mzigo kamili wa transfoma yako. Sasa fikiria msimu wa mavuno: mashine zote zinafanya kazi, transfoma imezidiwa kwa nusu. Juu zinapita ampea 7.9 tu. Kwa fyuzi hiyo ni kazi nyepesi, huku mafuta yanapikwa. Fyuzi ya juu haikuwekwa kulinda transfoma dhidi ya mzigo mkubwa. Kazi yake ni kuikata kutoka kwenye laini ikishapata shoti, ili kijiji kizima kisizimike nayo.

Hata shoti nyingine haioni. Tuseme waya mmoja umeanguka na kugusa nuturo mwishoni mwa laini ndefu ya volti 400, na kwa sababu ya urefu unapita mkondo wa ampea 400 tu. Uwiano wa transfoma ni 11,000 kwa 400, yaani 27.5. Kwa transfoma ambayo koili za juu zimeungwa pembetatu na za chini nyota, shoti ya fezi moja hufika juu ikiwa imegawanywa kwa 27.5, kisha kwa 1.732. Matokeo ni ampea 8.4. Fyuzi ya 10 inaiona kama mashine moja zaidi.

Kwa hiyo ulinzi wako wa kila siku uko chini. Tumia fyuzi za gG, zile za kauri zenye visu viwili. Wengi wataweka 160 kwa kVA 100 kwa sababu ni namba ya kwanza juu ya 144. Lakini gG ya 160 inaruhusiwa kubeba mara 1.25, yaani ampea 200, kwa saa mbili bila kukatika. Inalazimika kukatika ndani ya saa hizo mbili kwenye mara 1.6, yaani 256. Ampea 200 kwenye transfoma ya 144 ni karibu asilimia 40 zaidi. Kwa mashine zinazokoboa tangu asubuhi hadi usiku tungeweka 125, ambazo zinavumilia hadi ampea 156, au breka yenye kurekebishika iliyowekwa kwenye 144. Kama mota zako zinawashwa moja kwa moja, ziwashe kwa zamu: mota ya kilowati 30 huvuta karibu ampea 330 kwa sekunde chache za kwanza. Mbili zikianza pamoja, 125 zitakatika, na lawama itaiangukia fyuzi.

Usisahau kebo. Fyuzi ya 160 kwenye kebo ya shaba ya milimita za mraba 35 hailindi kebo hiyo, maana yenyewe hubeba kama ampea 135 ikiwa imefungwa ukutani. Kebo ya milimita za mraba 70 inatosha.

Kwa wenye transfoma za ukubwa mwingine kwenye kilovolti 11, mzigo kamili juu na chini (volti 400) ni huu: kVA 50 ni 2.6 na 72. kVA 200 ni 10.5 na 289. kVA 315 ni 16.5 na 455. kVA 500 ni 26 na 722. Kwenye kilovolti 33 namba ya juu gawanya kwa tatu, ya chini haibadiliki. Kisha rudia jaribio la mara 12. Ya kVA 200, kwa mfano, inatoa ampea 126 na waya wa 10 huanza kuyeyuka kwenye 128, kwa hiyo panda hadi 15.

Kijijini tuna transfoma ya kVA 50 ya kilovolti 33. Msimu wa radi fyuzi moja ya juu inaanguka mara kwa mara. Jioni hiyo baadhi ya nyumba zina umeme kamili, nyingine taa zinafifia na friji zinaunguruma bila kushika. Kwa nini nyumba hizo zisizimike tu? Na kwa nini fyuzi isiwekwe kubwa ikakaa?
*Msomaji, Njombe*

Koili za upande wa juu zimeungwa pembetatu, kila moja kati ya fezi mbili. Fezi moja ikipotea, koili iliyo kati ya fezi mbili zilizobaki inapata umeme wake wote. Mbili nyingine zinabaki zimefuatana mstari mmoja na kugawana umeme wa koili moja. Ndiyo maana fezi moja ya chini inatoa volti 230 na nyingine mbili zinatoa takriban 115 kila moja, au hata 80 na 150 kama mizigo yake hailingani.

Friji ndiyo inayoumia zaidi. Kompresa inajaribu kuanza, volti hazitoshi kuizungusha, inabaki inavuta mkondo wa kuanzia na koili yake inaungua. Taa ikififia namna hiyo, zima swichi kuu usisubiri. Kama una mita, pima volti: ukipata karibu na 115, fyuzi ya juu imeanguka, ukipata sifuri, ni fyuzi ya chini au waya umekatika. Ila kama kuna mota ya njia tatu inazunguka jirani, yenyewe hurudisha umeme kwenye fezi iliyokufa na kipimo kitakudanganya. Waambie watu wa dharura ulichopima unapopiga simu, watajua waje na fyuzi gani. Wenye mota za njia tatu wafunge rilei ya kukosa fezi, yaani swichi inayozima mota yenyewe fezi moja ikipotea. Inagharimu kidogo sana ukilinganisha na kusuka mota upya.

Sasa ukubwa. Mzigo kamili wa transfoma yenu upande wa kilovolti 33 ni ampea 0.87. Ukifuata mkondo huo pekee utaweka waya wa ampea 1, mwembamba kama unywele, na mapigo ya radi yanayopita kuelekea kwenye kizuia radi yatauyeyusha hata kama transfoma haikudhurika. Kwenye transfoma ndogo za kilovolti 33, kinachoamua ukubwa wa fyuzi ni radi kuliko mzigo, ndiyo sababu hupandishwa hadi ampea 3 au zaidi kidogo.

Kabla ya kupandisha, mafundi waangalie vizuia radi vimefungwa wapi. Vikiwa kwenye nguzo kabla ya dropauti, mkondo wa radi haupiti kwenye fyuzi, lakini waya kutoka kizuia radi hadi transfoma unakuwa mrefu, na urefu huo unaongeza msongo unaofika kwenye koili. Vikiwa kwenye mwili wa transfoma, koili ziko salama zaidi ila fyuzi inapitisha kila pigo. Sisi tungechagua hii ya pili. Fyuzi ni rahisi kubadilisha, transfoma si rahisi. Kisha tumieni waya wa aina ya T, ambao kwenye mapigo mafupi ni mzito zaidi kuliko K wa namba ileile: T wa 10 huanza kuyeyuka kwenye ampea 224 kwa sehemu ya kumi ya sekunde, K wa 10 kwenye 128. Ethi ya vizuia radi ipimwe pia. Ikiwa juu ya ohm 10, hapo ndipo pa kuanzia.

Kuhusu "kubwa ikakaa": kuna wanaofikia hata kusokota waya wa shaba ndani ya bomba la dropauti. Dropauti hufanya kazi kwa gesi. Waya wa fyuzi ukiyeyuka, cheche huchoma ukuta wa ndani wa bomba, gesi inayotoka huzima cheche, na mkia uliolegea huliachia bomba lianguke. Shaba iliyosokotwa haiyeyuki kwa wakati, bomba halianguki, na shoti ndogo ya koili inageuka kuwa moto wa mafuta.

Ndugu yangu alinitumia mashine ya jikoni kutoka Marekani pamoja na transfoma ya VA 1000, volti 230 kwenda 110. Fyuzi yake imeandikwa F5A. Siku nyingine nikiwasha inakubali, siku nyingine inakatika papo hapo, hata mashine ikiwa haijachomekwa. Nikiweka ya 10 inakaa. Niache hiyo?
*Msomaji, Zanzibar*

Usiiache. Umeikuta dawa upande usio sahihi.

Mzigo kamili ni 1,000 ÷ 230, yaani ampea 4.35, kwa hiyo 5 haikuwa mbali. Kosa ni herufi. F ni fyuzi ya haraka: kwenye mara 10 ya namba yake hukatika ndani ya sekunde 0.02. T ni ya pole: kwenye mara 10 inaruhusiwa kuchukua kati ya 0.02 na 0.3. Mshtuko wa kuwasha unaishia ndani ya muda huo. Weka T6.3A, ukubwa uleule wa milimita 5 kwa 20, na T10A upande wa volti 110 ambako mzigo kamili ni ampea 9.1.

Kwamba siku nyingine inakubali si bahati nasibu tupu. Mshtuko unategemea umeme ulikuwa wapi kwenye wimbi lake ulipobonyeza swichi, na usumaku uliobaki kwenye chuma ulipozima mara ya mwisho. Ukibonyeza wimbi likiwa kileleni, transfoma hulala kimya. Likiwa linapita sifuri, inanguruma. Transfoma za mviringo kama kitumbua ni kali zaidi kwa hili kuliko zile za mraba, na hata breka ya aina ya B ukutani inaweza kuanguka, kwa sababu hukata papo hapo kati ya mara 3 na 5 ya namba yake. Aina ya C husubiri kati ya 5 na 10.

Kama T6.3A nayo inakatika, fundi aweke rezista ya ohm 47 yenye wati 25 mbele ya koili, na rilei ya kupitisha umeme pembeni ya rezista hiyo baada ya nusu sekunde. Kilele cha mshtuko hakitazidi ampea 7.

Soma pia kibati cha transfoma. Ikiwa imeandikwa 60 Hz peke yake, haikutengenezwa kwa umeme wetu wa 50 Hz. Chuma chake kinabeba usumaku wa asilimia 20 zaidi ya kilivyopimwa, kinapata moto bila mzigo na mshtuko wake unaongezeka. Hapo hakuna fyuzi itakayokusaidia, tafuta transfoma yenye 50/60 Hz. Na fyuzi iliyo ndani ya mashine yenyewe ikiungua, kumbuka kwamba namba za Kimarekani ni kali: ya ampea 5 lazima ikatike kwenye asilimia 135 ndani ya saa moja, wakati ya kawaida ya huku yenye namba hiyohiyo hubeba asilimia 150 kwa saa moja. Agiza ya aina ileile.

Nina chaja ya betri ya gari, transfoma yake imeandikwa VA 200, volti 240 kwa 14. Kila fyuzi ya kioo ninayoweka inapasuka na kioo kinakuwa cheusi. Rafiki yangu wa jua kali ameweka uzi mmoja wa waya wa nyaya za nyumba, sasa inanuka.
*Msomaji, Nakuru*

Toa huo uzi leo. Uzi mmoja wa kebo ya milimita za mraba 1.5 yenye nyuzi saba una unene wa milimita 0.53, na huyeyuka karibu na ampea 30. Mzigo kamili wa transfoma yako upande wa 240 ni ampea 0.83. Fyuzi inayofaa ni T1.6A.

Kioo cheusi au chenye rangi ya fedha ndani kinasema shoti. Mzigo uliozidi kidogo tu huacha kioo safi na pengo dogo katikati ya waya. Kwa hiyo usitafute fyuzi, tafuta shoti, na kwenye chaja mshukiwa wa kwanza ni diodi. Zitenganishe na koili ya volti 14. Kisha unga balbu ya wati 60 ya zamani, yenye waya ndani na wala si ya LED, mstari mmoja na koili ya 240, uwashe. Ikimulika mara moja na kufifia, transfoma ni nzima na diodi ndizo zimekufa. Ikibaki inawaka kwa nguvu, koili imepata shoti, na kwa kuwa inanuka, jiandae kwa jibu hilo.

Ukimaliza, nunua fyuzi ya kauri iliyojazwa mchanga badala ya kioo. Ya kioo yenye herufi L imehakikishwa kukata salama hadi ampea 35 tu kwa ukubwa wako. Ya kauri yenye H hukata hadi 1,500. Fyuzi za plastiki za gari zimeandikwa volti 32: ziweke kati ya chaja na betri, ya ampea 10, usiziweke kamwe kwenye 240.

Fyuzi moja ya gG ikikatika kati ya tatu, nibadilishe moja au zote?
*Fundi, Kigoma*

Kama chanzo kilikuwa shoti, zote tatu. Zilizobaki zilipitisha sehemu ya mkondo huo na huenda waya wa ndani umedhoofika bila kuonekana, kisha zitakukatikia kwenye mzigo wa kawaida. Weka za mtengenezaji mmoja, herufi na namba moja. Angalia visu na vishikio: shaba iliyogeuka kahawia au bluu ni dalili ya kishikio kilicholegea, na joto lake huiingia fyuzi na kuikata mapema. Kaza au badilisha kishikio kwanza, la sivyo fyuzi mpya itafuata ya zamani ikiwa na ampea zilezile.